Glasi ya Tano

Jina la Pua alilipata kiwandani, na si kwa sababu ya ukubwa, ingawa kusema kweli hata kwa ukubwa pua ile haikuwa haba. Alilipata kwa kazi. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mwonjaji mkuu wa kiwanda cha bia, yule mtu ambaye kila siku saa nne asubuhi alinusa, akaonja, akatia sahihi, na bila sahihi yake hakuna lori lililotoka getini. Meneja anune anavyotaka, madereva wapige honi mpaka betri ziishe, Pua hajasema, basi hajasema. Ukimwona mtu mzima anajidai kwa kitu alichozaliwa nacho katikati ya uso, msamehe. Wengi wetu hatuna hata hicho.

Kiwanda kilifungwa, sasa ni mwaka wa tisa. Majengo yamekuwa maghala ya vigae. Zamani mtaa mzima uliamka kwa harufu ya kimea kinachochemka, harufu nzito, tamu, kama mtu anakoroga uji wa moto nyuma ya kila nyumba. Watoto walikwenda shule nayo kwenye sare zao. Siku hizi mtaa unaamka bila harufu yoyote, na waliozaliwa baada ya hapo hawajui walichokosa. Pua anajua. Kila akipita kando ya ule ukuta hupunguza mwendo, na pua yake, maskini, bado hutafuta.

Aliyemtoa nyumbani ni binti yake wa pekee, mkuu wa idara ya hoteli katika chuo kimoja pale mjini. Alikuwa amechoka kumkuta baba yake anakagua maziwa ya dukani na kuyarudisha. Akamwambia kuna wanachuo kumi na wawili wa mwaka wa mwisho, watu watakaosimamia baa na mikahawa, na hawajui kutofautisha bia iliyoharibika na bia isiyowapendeza. Awafundishe kuonja. Jumamosi sita, asubuhi, na mwisho mtihani wenye cheti. Baba akasema yeye si mwalimu, ameshazeeka, magoti yanamuuma. Kisha, kabla binti hajafika mlangoni, akamuuliza vyumba vyao vina madirisha ya upande gani, maana jua likipiga kwenye glasi kazi imeharibika. Binti akajua samaki ameshanasa.

Lakini kilichomfanya akubali hasa hakumwambia binti, nami nakwambia wewe mapema ili usije ukadhani ni mapenzi ya elimu. Pua alikuwa anataka hukumu.

Iko hivi. Katika miaka yake yote pale kiwandani, mtu mmoja tu aliwahi kusema kwamba bia yao ina kasoro, na mtu huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kazi alimtafutia Pua mwenyewe, kwenye mstari wa kuosha chupa. Haukupita mwaka, Pua akagundua kwamba yule dada anaweza kunusa chupa na kusema bia imetoka tangi la ngapi. Akamtoa kwenye maji na sabuni, akampa koti jeupe, akamketisha kwenye kiti cha sita cha jopo la waonjaji. Jinsi alivyojivuna! Nyumbani ilikuwa shemeji hivi, shemeji vile, mpaka mkewe akamwuliza kama anataka kuwaoa wote wawili.

Kisha wiki moja, miaka kumi na saba iliyopita, shemeji akaandika kwenye fomu yake: siagi. Wenzake watano waliandika: safi. Wiki ya pili, siagi. Wiki ya tatu, siagi. Utaratibu wa jopo ulikuwa mmoja tu, anayetofautiana na wenzake wiki tatu mfululizo anaondolewa, na sababu inaandikwa, na karatasi inabandikwa kwenye ubao karibu na saa ya kugongea kadi. Pua ndiye aliyeandika. Angeweza kuandika maneno mengi ya kistaarabu. Aliandika mawili, kwa kalamu nyekundu: hana ulimi. Shemeji aliyasoma asubuhi ya Jumatatu, zamu nzima imesimama nyuma yake na kadi mkononi. Alirudishwa kuosha chupa, na mwezi haukuisha akaacha kazi.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwa Pua. Mke alilia, alibembeleza, akawa kama mtu anayejaribu kufunga milango miwili kwa mkono mmoja. Mume alisema shemeji aje akiri kosa, yamalizike. Shemeji alisema hana la kukiri. Mke alipofariki, miaka minne iliyopita, mdogo wake alikuja, akaketi na wanawake, akazika, akaondoka. Pua hakupata hata pole. Ilimuuma, na kwa sababu ilimuuma akaamua kwamba yeye ndiye aliyekosewa.

Sasa unaelewa. Ndimi kumi na mbili changa, zisizomjua mtu, zisizoogopa meneja. Atazifundisha kila kasoro ya bia iliyopo duniani, kisha siku ya mtihani atachomeka bia ile ile, ambayo mpishi wake wa zamani alikuwa ameahidi kuipika upya, kati ya nyingine, ziseme zenyewe. Na zikisema safi, ataichukua karatasi moja, ataipeleka kwa shemeji na kuiweka mezani bila neno.

Mimi ningemwambia atafute kazi nyingine ya kufanya Jumamosi, lakini hakuniuliza.

Kama mwalimu, hebu tumpe haki yake, alikuwa moto wa kuotea mbali. Jumamosi ya kwanza alimrudisha bwenini kijana mmoja aliyejipulizia manukato, na kijana huyo akabaki na jina la Bwana Marashi mpaka mwisho wa kozi. Aliwakataza dawa ya meno asubuhi, kahawa, sigara, na rangi ya midomo. Mezani aliweka maji na mkate mkavu. Kila glasi ilifunikwa kwa kisahani ili harufu isitoroke. Aliwafundisha kunusa mara mbili fupi, kama mbwa, si kuvuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kuandika wazo la kwanza kabla halijaanza kuvaa nguo. Na wasitazame kabisa uso wa jirani. Kisha akawaambia kwamba bia haitemwi, lazima imezwe, kwa kuwa uchungu wake hukaa nyuma kabisa ya ulimi. Darasa lilipokea kanuni hiyo kwa utulivu mkubwa sana.

Walipokwisha kuzoeana, akaanza kuharibu bia mbele yao. Chupa iliyoachwa dirishani siku mbili, ikanuka kicheche, yule mnyama mwenye uvundo. Iliyowekwa wiki juu ya friji penye joto, ikawa na ladha ya boksi lililolowa. Iliyonuka mahindi ya kuchemsha, iliyonuka siki, iliyonuka tufaha bichi. Kwa ile ya siagi alinunua matone wanayotumia waokaji keki, akawaeleza kwamba siagi kwenye bia maana yake mpishi alikuwa na haraka. Hamira huitoa harufu ile, na hamira hiyo hiyo huila tena ikiachwa itulie siku zake. Ukiitoa bia tangini mapema, umeikatiza ikiwa bado inasafisha nyumba.

Alitia tone moja kwenye jagi, akanusa, akasema bado. Msichana mmoja aliyevaa miwani, mpole, wa kiti cha nyuma, akasema yeye ameshaisikia. Tone la pili, nusu ya darasa. La tatu, wote. Mwalimu akaisikia kwenye la tano, akacheka, akasema uzee huo, ninyi bado mna pua mpya za dukani. Wakacheka naye.

Na katikati ya kufundisha, alikuwa anasimulia. Hakuweza kujizuia. Aliwasimulia chumba cha kuonjea chenye vigae vyeupe na taa nyekundu, ili rangi ya bia isikudanganye. Viti sita virefu, kila kimoja kimechakaa kwa umbo la mwenyewe. King'ora cha saa nane, na watu mia nne wakimwagika getini kwa kelele moja. Jinsi mkewe alivyomsubiri nje ya geti na mwavuli mmoja, ingawa miavuli ilikuwa miwili nyumbani. Aliposema hayo aligeuka akafuta ubao uliokuwa tayari umefutwa. Hata Bwana Marashi aliacha kuchezea simu.

Wiki ya tano alitembelewa na Fundi Pipa. Huyu alikuwa mpishi wa bia wa kiwanda kile, na sasa ana kiwanda kidogo cha matangi manne nyuma ya duka la vipuri. Alikuja na kreti. Alikuwa amelitoa daftari lake la zamani, akafuata kila kitu, kimea kile kile, hamira ile ile aliyoitunza kama mtoto, siku kumi na mbili tangini kama walivyofanya siku zote. Alitaka kuirudisha sokoni, na alitaka sahihi ya Pua kwenye lebo, maneno mawili tu: ile ile.

Pua aliifungua jikoni kwake, akanusa, akavuta kiti akaketi. Alikuwa kwenye vigae vyeupe. Alisikia mkokoteni wa chupa ukipita korido, alisikia kikohozi cha mwenzake wa kiti cha pili, ambaye sasa ni marehemu. Alipoonja, machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Fundi Pipa naye alipoona hivyo akalia, na wazee wawili wakakaa jikoni wanalia juu ya kreti ya bia saa tano asubuhi, mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba.

Sahihi alisema ataitia Jumamosi, baada ya mtihani. Fundi Pipa akaona ni maringo tu, akaacha.

Jumamosi ilifika. Kila mwanachuo alikaa na meza yake, uso umeelekea ukutani. Glasi sita zilizofunikwa, karatasi moja, saa moja. Atakayepata tano kati ya sita amefaulu. Majibu Pua alikuwa ameyaandika jana yake, kwa mkono wake, akayatia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Ya kwanza, kicheche. Ya pili, safi. Ya tatu, boksi. Ya nne, siki. Ya tano, safi. Ya sita, mahindi. Alizunguka chumba mikono nyuma, akitazama visogo kumi na viwili vikiinama na kuinuka, na hakika aliwapenda.

Alisahihisha pale pale, wao wakiwa wamesimama nje wanatafuna mkate uliobaki. Karatasi ya kwanza, glasi ya tano: siagi. Akatikisa kichwa, akasema huyu hakulala. Ya pili: siagi. Ya tatu ilikuwa ya Bwana Marashi, na alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa. Ya nne, ya sita, ya tisa. Akaacha kusahihisha, akawa anafunua tu. Zote kumi na mbili.

Aliwaita ndani. Aliuliza ni nani aliyeanza, nani aliyekohoa, nani alimwonyesha mwenzake, na sauti yake ilikuwa kali kuliko walivyowahi kuisikia. Mwishowe yule msichana wa miwani akainua mkono nusu, kama mtu anayetaka kuushusha tena.

"Mwalimu, hatukuibiana," alisema. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Pua alichukua glasi ya pili na ya tano, akamwambia msichana amgeuzie mgongo, azichanganye, azirudishe. Akanusa moja. Bia safi, haina neno. Akanusa nyingine. Ilinuka nyumbani. Ilinuka kazini, ilinuka asubuhi, ilinuka miaka thelathini na mmoja ya maisha yake, na alipoitafuta siagi ndani yake hakuiona. Akaomba matone. Akatia kwenye ile safi, moja, mawili, akinusa kila mara, darasa zima likihesabu matone. Kwenye tone la tatu akaipata harufu ile anayoijua. Nyumbani. Kwenye la tano ndipo ikawa siagi.

Aliketi. Yalimjia yote kwa mpigo, jinsi walivyofanya kazi. Kila asubuhi, waonjaji sita walipima bia ya leo kwa kuilinganisha na bia ya jana. Kipimo chao kilikuwa chupa ya jana, na cha jana kilikuwa chupa ya juzi. Wenye malori walipoanza kuitaka bia mapema, siku kumi na nne za tangi zikawa kumi na tatu, kisha kumi na mbili, na siagi ikaingia polepole, wakaizoea pamoja, kama familia inavyozoea mlango unaolia. Mji mzima uliizoea, ukaipenda. Shemeji peke yake, aliyekaa kwenye jopo miezi michache tu, pua yake haikuwa imewahi kuzoea.

Mbele ya wanachuo, Pua aliifungua bahasha, akakata neno safi kwenye mstari wa tano, akaandika siagi. Akawaambia wote wamefaulu. Walitaka kushangilia, wakatazama uso wake, wakaahirisha.

Akampigia Fundi Pipa hapo hapo, akamwambia hatii sahihi. Bia iongezwe siku mbili tangini. Mwenzake akasema, kwa sauti ya mtu anayeibiwa, kwamba ikiongezwa siku mbili haitakuwa ile ile. Pua akajibu kwamba anajua. Na alijua kweli, na ilimuuma kama kuzika mara ya pili, maana aliipenda vile vile ilivyokuwa.

Shemeji yake alikuwa anakaa nyumba ya ghorofa, juu ya duka la dobi. Pua alipanda ngazi alasiri hiyo na karatasi kumi na mbili ndani ya koti, akisimama kila ghorofa kupumzisha magoti, au ndivyo alivyojiambia. Mlango ulifunguliwa. Alikuwa amezeeka, na alikuwa amefanana sana na dada yake, hata Pua akasahau alichopanga kusema. Shemeji akasema ana chakula jikoni, kitaungua, akarudi ndani bila kufunga mlango. Ndivyo alivyokaribishwa.

Alimfuata mpaka jikoni, akabaki wima karibu na friji. Akazitoa karatasi, akaziweka kwenye meza pembeni ya vitunguu, akamweleza yote, glasi ya tano, wanafunzi, matone, chupa ya jana na ya juzi. Hakuruka kitu. Shemeji alifuta mikono, akazisoma moja moja, zote kumi na mbili, ingawa neno lilikuwa lile lile.

"Nimekuja kuomba radhi," Pua alisema. "Ulikuwa sahihi. Ulimi uliokosekana ulikuwa wangu."

Shemeji alizipanga karatasi vizuri, kona kwa kona.

"Kazi haikuniuma, shemeji. Kazi nilipata nyingine," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyeniambia nina ulimi, na wewe ndiye uliyeniambia sina. Nikaamini yote mawili. Miaka kumi na saba sijatia chumvi kwenye chungu bila kumwita mtu aonje. Dada alipokuwa mgonjwa nilikuwa nampikia supu, namtafuta jirani aonje kwanza, nazunguka ghorofa nzima, mpaka nimpate na mwanao aifikishe, imeshapoa."

Pua aliikumbuka supu ile. Ilikuja mara nyingi, kwenye kopo la bluu, na kila mara alikuwa akiipasha moto huku akimwambia mkewe pale kitandani kwamba mdogo wake hata supu analeta baridi, ndivyo moyo wake ulivyo. Mkewe hakuwa na nguvu za kubisha. Alikunywa na kugeukia ukuta. Pua alishika mlango wa friji.

Chungu kilikuwa kinatokota. Shemeji akakikoroga, na kwa mazoea akachota kidogo kwenye mwiko, akauelekeza kwa yule mtu aliyekuwa karibu.

"Hebu onja."

Mwonjaji mkuu alitazama mwiko ule. Mvuke ulimfikia usoni, na pua yake, kwa kuwa ni pua, ilianza kazi bila kuulizwa. Akaurudisha mkono wa shemeji polepole.

"Mimi sijui," alisema. "Sema wewe."

Shemeji alisimama na mwiko hewani hata mchuzi ukaanza kumdondokea kwenye kifundo cha mkono. Alitazama mlangoni, upande wa jirani. Kisha akaupeleka mdomoni, akafumba macho, akameza.

"Chumvi haijafika," alisema, akaitia mwenyewe.